Gari la Mzee linakunywa maji ya rejeta: ninunue au niache?

Kwako Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaishi Umoja. Kazi yangu ni kuoka keki za harusi na za siku za kuzaliwa, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikizisafirisha kwa bodaboda au kwa teksi. Mwezi wa Agosti nilipeleka keki ya ghorofa tatu Ruaka, nikafika na kukuta ghorofa ya juu imeteleza na kulalia ukingo wa boksi, ikabidi niitengeneze upya jikoni kwa wenye harusi huku nikimsikia bibi harusi akilia chumba cha pili. Siku hiyo niliamua kwamba ni lazima nipate gari langu mwenyewe. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, nikijumlisha na akiba yangu, nilikuwa na shilingi 400,000.

Mzee mmoja wa kanisa letu, mtu tunayemheshimu sana, anauza Toyota Corolla ya mwaka 2004, ya injini ya 1500, ambayo iliingia nchini kutoka Japani mwaka 2011 na tangu hapo imekuwa mikononi mwake. Mimi ananiuzia kwa shilingi 370,000, na anasema mtu wa nje angemtoza 430,000. Bodi ni safi, viti havijachanika, na buti ni pana kiasi cha kulaza maboksi mawili ya keki bila kuyapandanisha. Nililiendesha kutoka Umoja hadi Donholm na kurudi, na halikunipa shida yoyote.

Wasiwasi wangu ulianza nilipofungua buti hilo na kukuta jerikeni ya lita tano yenye maji. Mzee alinieleza kwa upole kwamba rejeta "inakunywa maji kidogo", kwamba ni paipu tu, na kwamba yeye huongeza maji kila asubuhi kabla ya kutoka. Fundi wake, aliyekuwa hapo, alisema ni kazi ya shilingi 3,000 na kwamba magari yote ya umri huo huvuja. Mahali gari linapolala niliona doa bichi la ukubwa wa sahani. Siku mbili baadaye nilipita pale asubuhi nikamkuta Mzee akimimina maji, na nikaona karibu nusu ya jerikeni ikiingia, ilhali jana yake gari lilikuwa limekwenda sokoni na kurudi tu. Doa la chini lilikuwa lilelile, halikuongezeka.

Mume wangu anasema nichukue, kwa sababu bei hiyo hatutaipata tena. Kaka yangu anasema gari linalovuja maji ni gari linalokata roho. Mzee amenipa hadi mwisho wa wiki, kwani kuna mtu mwingine anayelitaka, nami naona haya kumhoji mtu wa umri wa baba yangu kana kwamba ni broka wa barabarani. Nifanye nini?

Msomaji, Umoja

JIBU

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mahali iliponisimamisha ni mwisho wa habari ya jerikeni, pale uliposema kwamba zaidi ya lita mbili ziliingia lakini doa la chini halikuongezeka. Umeona jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kulitazama. Maji yanayovuja kwenye paipu huanguka chini, na mtu huyaona. Kama maji yanayoongezwa ni mengi kuliko yale yanayoonekana sakafuni, basi mengine yanakwenda mahali pengine, na hapo ndipo penye uamuzi wako. Nakujibu moja kwa moja: usitoe pesa wiki hii. Sijasema kwamba gari ni baya. Ninachosema ni kwamba wewe, Mzee na fundi wake, nyote watatu, hamjajua bado maji hayo yanakwenda wapi, na majibu yanaweza kuwa paipu ya kubadilishwa kwa nusu saa au injini ya kufunguliwa yote.

Niruhusu nieleze kwanza kwa nini uvujaji mdogo ni jambo zito hapa Nairobi. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mombasa maji ya sufuria huchemka yakifika digrii 100, lakini hapa kwetu huchemka yakiwa karibu na digrii 94, na ndiyo sababu maharagwe ya huku hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Sasa, maji ya injini iliyo katika hali nzuri huwa kati ya digrii 80 na 95 hivi, kumaanisha kwamba kama yangekuwa wazi yangekuwa yakichemka au yakikaribia kuchemka kila siku ya kazi. Kinachoyazuia ni presha. Kifuniko cha rejeta hubana mfumo wote, maji yakipata moto hutanuka, presha hupanda, na hapo hayawezi kuchemka mpaka yapite digrii 110. Penye tundu, hata likiwa dogo kama la sindano, presha hiyo haikai. Kwa hiyo gari linaweza kuwa na maji ya kutosha na bado likachemka kwenye foleni ya Jogoo Road, kwa sababu tu presha imepotea.

Kuna na suala la maji yenyewe. Kinachotakiwa ndani ya rejeta ni kulanti, ambayo kwa kawaida huchanganywa na maji safi nusu kwa nusu. Huchelewesha kuchemka na ina dawa ya kuzuia kutu. Mtu anayeongeza maji ya mfereji kila asubuhi kwa miezi anaiosha dawa hiyo mpaka inakwisha, na kinachobaki ni kutu na magamba yanayoziba vijia vyembamba vya rejeta. Mzee anafanya hivyo kwa nia njema kabisa, kama wafanyavyo madereva wengi, lakini uharibifu haujali nia.

Usitegemee sana mshale wa joto kwenye dashibodi. Katika magari mengi mshale huo hukaa palepale katikati joto likiwa la kawaida na hata likizidi kidogo, na ukishaanza kupanda huwa umechelewa. Tena kihisi chake kinahitaji kuzama ndani ya maji. Maji yakishuka chini yake hubaki kinapima hewa, na mshale unaweza kutulia huku injini inaungua.

Miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa na gari la ukubwa huohuo, nikaambiwa maneno hayohayo, kwamba ni paipu tu, nikaongeza maji kwa miezi miwili. Jioni moja tukipanda Kinungi kutoka Naivasha mvuke ulitoka chini ya boneti, nami nikaendelea kwa kilomita mbili hivi nikitafuta mahali salama pa kusimama. Wiki iliyofuata, katika gereji moja karibu na Kirinyaga Road, fundi aliyeifungua injini aliisafisha silinda hedi, kile kipande kinachofunika injini kwa juu, mpaka ikang'aa, akaweka rula ya chuma juu yake, akaniambia niinamishe jicho usawa wa meza huku yeye ameshika tochi upande wa pili. Niliona uzi wa mwanga chini ya rula, katikati, mwembamba kuliko unywele. Kisha akapitisha kibati cha kupimia chenye unene wa milimita 0.05, nacho kikapita bila kushikwa na chochote. Kilomita mbili zilitosha. Nakusimulia haya kwa sababu injini ya 1500 iliyo katika Corolla hiyo, ile ambayo mafundi huiita 1NZ, ina bloku, yaani mwili wa injini, na hedi za alumini. Ni injini nzuri na ya kudumu, na vipuri vyake vinapatikana kila mahali Nairobi, lakini alumini ikizidishiwa moto hupinda. Hedi ikipinda, gasketi iliyo kati yake na bloku haibani tena, na maji huanza kuingia ndani ya silinda, mahali mafuta yanapoungulia, na kutoka kwa ekzosi kama mvuke. Maji ya namna hiyo hayaachi doa sakafuni.

Hata hivyo, maji kutoonekana chini si hukumu ya gasketi moja kwa moja. Tundu dogo kwenye rejeta huweza kurusha maji gari likiwa linakwenda tu, yakakauka juu ya vyuma vyenye moto kabla ya kufika nyumbani. Rejeta za magari hayo zina tangi la plastiki lililobanwa juu ya alumini, na baada ya miaka mingi plastiki hiyo hupasuka hasa pale kwenye kiungo. Pampu ya maji nayo ina tundu dogo lililowekwa makusudi, na sili yake ikichakaa maji hutoka hapo na kuacha michirizi iliyokauka, myeupe au ya waridi, kwenye bloku. Na kuna rejeta ndogo ya hita ndani ya dashibodi: hiyo ikivuja, zulia la upande wa abiria huwa na unyevu, kioo cha mbele hufunga ukungu, na ndani ya gari hunuka utamuutamu, mradi bado kuna kulanti. Yote haya yanatengenezeka kwa gharama ambayo mtu anaweza kuivumilia. Ndiyo maana nakataa maneno ya kaka yako kama ninavyokataa ya fundi.

Nenda kwa Mzee Jumamosi asubuhi, na umwombe jambo moja kabla ya siku hiyo: asiliwashe gari mpaka ufike. Injini ikiwa imelala usiku kucha, weka kiganja juu ya boneti uhakikishe ni baridi, kisha ufungue kifuniko cha rejeta. Kamwe usikifungue injini ikiwa moto, wala usimruhusu mtu mwingine akifungue mbele yako, kwa sababu maji hayo hurukia usoni na huunguza vibaya. Kabla hujalegeza kifuniko, binya paipu nene ya juu. Ikiwa ngumu, imejaa presha, ilhali injini imelala usiku mzima, kuna gesi inayoingia kwenye maji kutoka ndani ya silinda. Ukishafungua, tazama maji yanafika wapi na yana rangi gani. Rangi ya kutu ni habari mbaya kwa rejeta. Utando wa mafuta unaoelea juu ni habari mbaya kwa injini.

Fungua pia kifuniko cha kumiminia oili na uvute kijiti cha kupimia. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kuwa nzito kama krimu. Utando mwembamba chini ya kifuniko pekee usikutishe, kwa kuwa gari la safari fupifupi, kama hili la sokoni na kanisani, hufanya unyevu wa namna hiyo. Lakini ukiukuta kwenye kijiti, funga boneti na uage.

Halafu liwashwe kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, huku umekaa kando kidogo. Mapovu machache ya mwanzo ni ya kawaida, maana hewa iliyonaswa inatoka. Yakiendelea kuja bila kukoma, kama uji unaotokota, hiyo ni gesi ya silinda. Wakati huohuo shika paipu ya juu. Katika gari lenye thamostati, ile vali inayozuia maji mpaka yapate moto, paipu hiyo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto kwa ghafla maji yanapoachiliwa. Ikiwa inapata joto polepole tangu mwanzo, huenda thamostati imetolewa. Mafundi wetu wengi huitoa gari likianza kuchemka, wakidhani wameponya ugonjwa, kumbe wameficha dalili. Ukigundua imetolewa, muulize Mzee ilitolewa lini na kwa sababu gani, kwani jibu lake ndilo litakalokuambia kama gari limewahi kuchemka. Na tazama chini ya boneti kwa jumla. Injini ya gari la zamani iliyooshwa ikang'aa siku ya kuuzwa imefutwa michirizi yote niliyokutajia.

Baada ya hapo lipeleke kwa fundi asiyemjua Mzee wala mume wako, na uchague gereji yenye pampu ya kupimia presha ya rejeta. Pampu hiyo hufungwa mahali pa kifuniko, mfumo hujazwa presha injini ikiwa imezimwa, na mshale wake hutazamwa kwa dakika kumi au kumi na tano. Ukishuka na maji yakaonekana nje, mmepata tundu. Ukishuka na nje kukawa kukavu kabisa, hofu yangu itakuwa imepata msingi. Kuna pia kipimo cha dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma: gesi ya silinda ikiwepo, dawa hugeuka manjano. Ulipie vipimo hivi wewe mwenyewe, ili fundi ajue anamfanyia kazi nani.

Vipimo vikitoka safi, bado uendeshe safari ya maana. Umoja hadi Donholm ni mwendo wa dakika chache kwenye tambarare, na hata gari lenye gasketi iliyoungua linaweza kuumudu. Washa kiyoyozi, pandeni Waiyaki Way mpaka Limuru, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000, kisha mrudi mjini kwenye foleni na kusimama dakika ishirini injini ikinguruma. Sikiliza feni ikiwaka na kuzima. Likipoa kabisa, fungua tena uone maji yamepungua kiasi gani.

Sasa niseme juu ya pesa, kwa sababu naona hatari nyingine ambayo hukuiuliza. Una shilingi 400,000 na unataka kutoa 370,000. Katika 30,000 zinazobaki utalipa bima na gharama ya kubadilisha umiliki, na huenda tairi mbili. Hakuna kinachobaki kwa rejeta, sembuse kwa silinda hedi. Kwa gari la umri huo, hata lisilovuja, nisingekubali mteja wangu atoe pesa zake zote mlangoni. Kwa hiyo kama tundu liko nje, na vipimo vya gasketi ni safi, chukua bei za kazi hiyo kutoka kwa gereji mbili tofauti, ukiulizia rejeta, pampu, paipu zote, thamostati, kifuniko na kulanti kwa pamoja, maana vitu hivyo vimezeeka pamoja na kubadilisha kimoja hupeleka presha kwenye kile dhaifu kinachofuata. Mwonyeshe Mzee karatasi hizo na umwombe ama alitengeneze kabla hujalipa, ama apunguze bei kwa kiasi hichohicho. Kama gesi iko ndani ya maji, acha, hata akishusha hadi 300,000. Biashara yako ni ya keki zinazosubiriwa saa fulani na watu waliovaa, na gari la namna hiyo litakuangusha siku ya harusi ya mtu mwingine.

Usikubali mtu amimine dawa ya kuziba tundu wakati wa majadiliano. Dawa hiyo huziba tundu kwa wiki kadhaa, na huweza kuziba pia vijia vya rejeta na vya hita, kisha inakuwa shida yako peke yako. Na sheria haitakufuta machozi kwa urahisi: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, humkinga mnunuzi juu ya ubora wa kitu hasa pale anaponunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, na Mzee si mfanyabiashara wa magari. Ukaguzi wako wote uko kabla ya malipo. Ukifika hatua ya kulipa, hakikisha kwanza kupitia NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwamba gari ni la Mzee kwa jina na halina deni la benki juu yake, kisha malipo na ubadilishaji wa umiliki vifanyike siku moja.

Umesema unaona haya kumhoji. Naielewa haya hiyo, nami nimelelewa nayo. Lakini fikiria hali itakavyokuwa ukinunua bila kuuliza, gari likachemka mwezi wa pili, na kila Jumapili mkakaa safu moja kanisani mkikwepana macho. Kumuuliza leo ni njia ya kumhifadhi. Mwambie hivi, kwa heshima na bila kuzunguka: "Mzee, gari nimelipenda, na pesa hizi ni za jasho la miaka minne. Naomba unisaidie nijue maji yanakwenda wapi kabla sijakulipa, ili baadaye lisije likaleta neno kati yetu." Mzee mwaminifu hatachukizwa na maneno hayo, na huenda yeye mwenyewe hajui ukweli wa gari lake na atafurahi kuujua. Akikataa vipimo, kukataa kwake kumekujibu. Na kuhusu yule mtu mwingine anayelitaka, mwache alichukue ikibidi. Corolla za miaka hiyo ni nyingi Nairobi.

Mwende wawili Jumamosi hiyo, wewe na mume wako, ili ayaone mwenyewe. Mkifika na kukuta boneti tayari ina joto kwa sababu Mzee ameliwasha mapema "kulipasha kidogo", msibishane naye. Mwombeni radhi kwa usumbufu, mnywe chai mkiwekewa, na mpange mrudi asubuhi nyingine likiwa baridi.